Ukuta wa Nyuma wa Mwanarusi

Mzee Chande wa Waa alikuwa fundi mwashi aliyeaminika. Duka la Mwanarusi lilipoungua Msambweni, mwaka 1956, mthamini wa kampuni ya bima alisema ukuta wa nyuma ulikuwa mbovu tangu zamani, na kampuni haitaulipia. Mthamini wa Mwanarusi akasema umeharibiwa na moto. Hawakupatana, wakakubaliana Chande awe mwamuzi, na neno lake liwe la mwisho.

Chande aliupapasa ukuta. Ndani ya ufa mkubwa aliona viota vya udongo vya manyigu, vimeokwa na moto vikawa vigumu kama matofali. Basi ufa ulikuwako kabla ya moto.

"Shikamoo, baba," Mwanarusi alimwamkia. "Maadamu umekuja wewe, sitadhulumiwa."

"Marahaba, mwanangu." Akamwonyesha viota ndani ya ufa. "Ukuta huu ulipasuka zamani."

"Lakini si ulikuwa umesimama, baba? Si tulikuwa tukiuzia humu humu?"

"Ulikuwa umesimama," Chande akakubali, kisha akatia sahihi upande wa kampuni, maana aliloulizwa ni kama ukuta ulikuwa mbovu kabla ya moto, si kama ulikuwa umesimama.

Mwanarusi hakulia wala hakumlaumu. Alimtafutia kigoda akae, akamletea maji ya kunywa, na hayo maji Chande hakuweza kuyameza.