Kisanduku cha Misumari

Elieth alikuwa ameshafunga mzigo: kanga zake, sufuria moja, blanketi na nguo za Odilia, binti yake aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu. Fundo alilikaza kwa meno. Safari hii hakuwa anatishia. Alikuwa anaondoka Muyama kurudi kwao Kibondo.

"Unampeleka wapi mjukuu wangu?" Mama mkwe wake, Mama Benedicto, alikuwa uani akipanga viti vya wageni.

"Kwetu."

"Leo ambayo mtumishi wa Mungu anakuja? Subiri mumeo aombewe kwanza, mkamwana. Pepo likishatoka utapata mume mpya."

"Mama, huyu wa zamani tu amenishinda."

Mama mkwe alicheka kidogo, akidhani ni utani. Elieth hakucheka. Alimfunga Odilia mgongoni, akajitwika mzigo kichwani, akatoka bila kuaga.

Hapo kijijini hakuna asiyemjua mumewe, Benedicto fundi seremala. Kitanda unacholalia ni yeye, mlango unaoufunga usiku ni yeye, na siku ukifa, jeneza lako ni yeye. Lakini sasa randa yake ilikuwa imeshika kutu. Asubuhi alikwenda kwa Claudine, mwanamke wa Kirundi aliyeolewa hapo na kupika pombe ya ndizi, na huko alikaa mpaka watu waje wamwokote. Hakuwa mlevi wa kuimba, wala wa kupiga. Alikunywa kama mtu anayetimiza kazi aliyopewa, akarudi, akalala na viatu. Elieth alikuwa amemtazama sana. Angalau angekuwa anafurahi, alifikiri, ningejua ninaibiwa na furaha.

Mchungaji Nathaniel, aliyekuwa akija na pikipiki kutoka Kasulu, alishatoa jibu lake. "Hili ni pepo la ukoo. Baba yake alikufa na pombe, si ndiyo? Basi limehama kutoka kwa baba, limemwingia mtoto. Tutalitoa kwa jina la Yesu." Mama Benedicto alilia sana siku hiyo. Elieth aliujua mwezi ambao pombe iliingia nyumbani kwake, na hakuona pepo. Aliona maiti.

Mtoto wao wa pili, wa kiume, aliishi siku chache tu. Alikufa kabla hajatolewa nje na kupewa jina. Na katika nyumba ile, kichanga kisicho na jina hakikaliwi matanga. Wanawake wanakifunga kanga, wanakizika migombani, wanaume wanafukuzwa wasione, na ikifika jioni jambo limekwisha. Mama mzazi anaambiwa asilie, asije akafunga kizazi.

Benedicto alikuwa amekimbilia karakana. Alirudi na kisanduku cha mninga, kidogo, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa. Akawakuta wanawake wananawa mikono.

"Rudisha hicho," mama yake alimwambia. "Huyo hakuwa mtu bado. Utapata mwingine."

Elieth alikuwa ndani, kitandani, anasikia kila neno. Alingoja mumewe aingie, aseme lolote, hata tusi. Hakuingia. Alikirudisha kisanduku karakana, akakigeuza cha kutilia misumari yake ya kazi, na wiki ile ile akaanza kwenda kwa Claudine. Hilo ndilo Elieth aliloshindwa kulisamehe. Mwaka mzima alilibeba, na sasa alikuwa anakwenda kumtupia usoni mbele za watu, apate aibu, kisha apande gari.

Kilabuni kwa Claudine wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, jua la mchana likiwapiga migongoni.

"Bene, serikali imefika!" mmoja alipaza sauti, wakacheka.

"Shemeji, karibu. Utapewa benchi au unakalia mzigo wako?"

"Kalia ulimi wako," Elieth alimjibu, nao wakazidi kucheka.

Benedicto hakugeuka. Claudine alikuwa ndiyo kwanza amempa kikombe. Benedicto alikiinamisha, akamwaga kidogo chini, midomo ikicheza. Elieth alikasirika mara mbili. Kumbe na mizimu anainywesha! Mchungaji atapata la kusema leo. Akasogea, maneno yake yote yako tayari mdomoni, ndipo akasikia:

"Hatungimana, mwanangu. Wewe kwanza."

Mzigo ulimshuka kichwani bila yeye kuushusha.

"Unamwita nani?"

Benedicto alishtuka, pombe ikammwagikia magotini. "Hakuna mtu."

"Nimesikia. Nani?"

"Mtoto."

Claudine ndiye aliyemjibu Elieth, polepole: "Kila siku anaanza na yeye, dada. Nilijua unajua."

Hatungimana. Maana yake, Mungu ndiye mwenye kutunza. Basi alikuwa ameshamchagulia jina, na jina hilo lilikuwa linaitwa hapa, kwenye maganda ya ndizi na nzi, na mama yake mtoto halijui.

"Kwa nini humwiti nyumbani?"

"Nyumbani wamenikataza. Nilimwendea mchungaji, akaniambia nishukuru. Nishukuru nini?" Sauti ilimpasuka. "Hapa hawanikatazi. Namwaga, namwita, basi. Hata mlikomlaza sikujui."

"Mlikomlaza? Nani huyo, mimi?" Elieth alipiga kelele mpaka Odilia akaamka mgongoni. "Mimi nilikuwa natoka damu kitandani! Nilichungulia dirishani nikaona wanakoelekea. Nimekungoja uniulize, Bene. Nimengoja!"

"Waliniambia nisikuulize. Eti nitakuumiza."

"Na mimi waliniambia nisilie."

Walitazamana kama watu waliouziwa ng'ombe mmoja na tapeli yule yule. Hasira ya Elieth haikupungua hata kidogo. Ilihama tu, ikapata mlango mwingine.

"Inuka," alisema. "Tupitie karakana."

Walipofika nyumbani, Mchungaji Nathaniel alikuwa ameshavua koti, waumini wameshika ngoma. Benedicto alipepesuka uani akiwa amekumbatia kisanduku, na misumari yote ilikuwa imebaki imemwagwa sakafuni karakana.

"Mleteni hapa apige magoti," mchungaji alisema. "Pepo mchafu, leo..."

"Hana pepo, mtumishi. Ana msiba."

"Dada, usisimame kati ya mumeo na ukombozi wake."

"Roho yake ilikuja kwenu kabla ya kwenda kwa Claudine. Ilikuja kwako wewe, hapo kanisani. Ukaiambia nini?"

Mchungaji alifuta jasho. "Nilimwambia ashukuru kwa kila jambo. Ndivyo imeandikwa."

"Ashukuru! Mtu amenyimwa mwanawe mzima, akanyimwa maiti, akanyimwa na machozi, halafu ashukuru! Kikombe cha Claudine ndicho kilichomruhusu kuomboleza. Mmemfungia mlango wa Mungu, sasa mnakuja na ngoma kushangaa ameingia wapi!"

"Mkamwana!" Mama Benedicto alimdaka mkono. "Unamtukana mtumishi uani kwangu?"

Elieth aliuchomoa mkono wake. Alimshika Benedicto begani, wakaenda migombani mpaka kwenye mgomba wa tatu nyuma ya choo cha zamani. Alimwonyesha kwa kidole. Benedicto alianguka kwa magoti, bila kusukumwa na mchungaji yeyote, akaanza kuchimba kwa mikono aweke kile kisanduku karibu na mwanawe. Alinuka pombe. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, akiita jina.

"Kesho ukinywa, mzigo wangu bado umefungwa," Elieth alimwambia, machozi yakimtiririka na yeye. "Lakini leo lia. Lia mchana, wakuone."

Pikipiki ya mchungaji iliwaka, ikaondoka. Mama Benedicto alikuwa amesimama kwenye ukingo wa migomba, hasogei wala harudi.

"Baba yake naye," alisema, sauti ikiwa ndogo mno, "tulimficha walikozikwa wanawe. Wawili. Alikuwa ananiuliza wako wapi, mpaka akaacha kuuliza, akaanza kunywa."

Elieth alimgeukia. Alitaka kumhurumia, hasira ikakataa.

"Ulijua, mama. Ukaniletea pepo la ukoo."

"Na mimi niliambiwa nisilie."

"Wa kwako wamelala wapi?"

Mama Benedicto alivua kandambili. Alipita mbele ya mwanawe, akahesabu migomba kwa kuigusa mmoja mmoja kama mtu aliye gizani, akasimama. Aliivuta kanga ikamfunika kichwa, akafungua mdomo, na kilio alichokitoa kiliwarudisha njiani hata wale waumini waliokuwa wameanza kuondoka na ngoma zao.