Kibali cha Siku Saba

"Nyie mtakuwa mmelala, blogu inajiandika yenyewe!" Ndivyo Anyisile alivyowatangazia wafinyanzi wa Ikombe mbele ya mtendaji wa kijiji, amekunja mikono ya shati kama daktari wa upasuaji. Akapigiwa makofi.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Kina mama wapige picha za vyungu, wamtumie. Skripti, programu ndogo iliyo kwenye kompyuta mpakato ya steshenari yake ya mjini, Bondeni, izipandishe kwenye blogu kila Alhamisi, wanunuzi wa Mbeya wazione kabla ya soko la Jumamosi, Matema. Bila picha hawaji, na vyungu hurudi Ikombe kwenye mtumbwi.

Ila wenye mtambo wa blogu hawaachi skripti iingie hivihivi. Mwenye akaunti afungue ukurasa wao, abonyeze "Ruhusu", ndipo skripti ipewe kibali. Na mwenye akaunti ni Tupokigwe, mwenyekiti wa kikundi. Alibonyeza, picha zikapanda, Anyisile akatembea mjini kifua mbele kwa wiki nzima. Siku ya nane kibali kikafa. Skripti aliisajili kama ya majaribio, na ya majaribio hupewa siku saba tu. Aliomba ithibitishwe mara mbili. Mara mbili wakamkatalia, ikabidi kila Alhamisi aende Ikombe ili mama abonyeze upya.

Alhamisi ya sita akashuka tena Ikombe, kompyuta kwapani, suruali imelowa hadi magotini.

"Mugonile, mama," akasalimu.

"Umekuja kunibonyezesha?" Tupokigwe hakuacha kufinyanga. "Si ulisema tutalala?"

"Nipe basi nywila, niwe nabonyeza hukohuko."

"Ulitufundisha nywila hapewi mtu. Kumbe wewe si mtu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama akanawa, akabonyeza, akarudia tena na tena. Ukurasa ukagoma: mmejaribu mara nyingi mno, rudini kesho. Kesho ni Ijumaa. Wanunuzi hupanga safari Alhamisi jioni.

Anyisile akafunga kompyuta. Hata hasira hakuwa nayo tena.

"Mama, kwenye simu yako blogu inafunguka?"

"Tangu siku ile uliyoiweka."

"Basi weka picha humo, uandike chini yake."

Tupokigwe, aliyekwisha kurudi kwenye udongo wake, akainua uso. "Na itapanda?"

"Itapanda."

"Bila wewe?"

Anyisile akajifanya anakamua suruali. Mama akapiga picha chungu kilicho karibu, akaandika polepole kwa kidole kimoja chenye udongo, akabonyeza. Ikapanda palepale, na maandishi yake chini:

Chungu cha maharage, shilingi elfu nane.