Siku karai la pikipiki liliporudi bila Mama Rael

Wakuu, salamu kutoka Eldoret, kwenye baridi yetu ile ile.

Kwenye jukwaa hili mimi ni msomaji tu. Nasoma, nacheka peke yangu, nalala.

Lakini juzi kijana mmoja aliandika hapa kwamba alinunua pikipiki kubwa, ikamwangukia kwenye petrol station mbele ya watu, na sasa confidence imeisha. Anaitazama tu kupitia dirisha, kama mtu aliyenuniwa na mke. Mkamcheka kurasa nzima.

Nimeona nimjibu. Na nitakayoandika ni yaliyonipata mimi. Nikiongeza hata punje moja ya chumvi, haya meno machache niliyobaki nayo yaanguke kabla ya githeri ya leo.

Kwanza mjue umri wangu. Niliendesha pikipiki hapa miaka ya hamsini mwanzoni, wakati wa Makaburu, wakati wazee bado wanaita mji huu Sisibo. Anayetaka kuniuliza ilikuwa cc ngapi, sijui. Ilikuwa kubwa. Tuishie hapo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sikufundishwa, nilizaliwa hivyo.

Tulikaa kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la mzungu, upande wa Cheptiret. Jumapili vijana wenzangu wakienda mjini kutazama nguo kwenye maduka ya Wahindi, mimi niko jikoni na mama yangu nachoma mahindi. Waliniita Kuku wa Mayai. Nilikuwa nimefika Form Two shule ya misheni, mtu wa kwanza kambi yetu, halafu nikarudi nyumbani na hicho Kiingereza changu chote nikakitumia kumsomea Mama maandishi ya chupa za dawa.

Huyo Mama ndiye kisa chenyewe.

Watu walimwita Mama Rael, kwa jina la dada yangu mkubwa aliyeolewa kule kwetu Bunyore, tulikotoka. Baba alifariki nikiwa mdogo, tukabaki wawili. Misheni ilimfundisha ukunga, na kazi yake ilikuwa kuzunguka kambi za mashamba akizalisha wanawake. Kwa miguu. Na matope ya Uasin Gishu mnayajua. Yanakuvua kiatu na kubaki nacho.

Mama alikuwa mnene. Nasema kwa heshima. Akikaa mwisho wa benchi ya kanisa, aliyekaa mwisho ule mwingine anainuka kidogo.

Sasa, kulikuwa na mmishonari anarudi kwao Ulaya. Akaiachia misheni pikipiki yake, mabaki ya vita, chuma kitupu. Ilikuwa na sidecar, kile kigari cha gurudumu moja kinachofungwa ubavuni upande wa kushoto, abiria anakaa ndani miguu mbele. Sisi tulikiita karai, kwa sababu ukiwa ndani ulikuwa kama umekaa kwenye karai la kuogea.

Wazee wa kanisa wakasema itumike kwa kazi ya Mama Rael. Swali likawa nani ataendesha.

Mama akasimama pale pale kanisani: "Kijana wangu ana Form Two."

Kama vile pikipiki inaendeshwa kwa algebra.

Mmishonari alinifundisha kwenye uwanja wa misheni. Kick tu ilikuwa vita. Siku ya kwanza ilinirudi mguuni ikanitupa chini, watoto wa shule wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya masomo. Na Mama alikuwa ndani ya karai kuanzia siku hiyo hiyo. Mzungu alimwomba angoje kando mpaka nijue. Mama akamwambia, "Akianguka nataka niwe karibu nimwokote."

Kwa hivyo wakuu, shikeni hili moja: sikuwahi kuendesha ile pikipiki bila yeye. Hata hatua moja.

Tukaanza kazi. Miezi ya kwanza nilikuwa naendesha kama nimebeba mtungi kichwani. Mama anaimba nyimbo za kanisa chini ya blanketi, mimi nimeuma meno.

Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Tukikaribia kona yeye huita, "Kona!" Ikiwa ni ya kushoto anatoa kichwa na mabega yote nje ya karai, karibu aguse nyasi. Ikiwa ni ya kulia ananiegemea mimi mpaka nanuka dawa. Nilidhani ni uoga. Mwanamke mkubwa namna hiyo, anazalisha mapacha bila kutikisika, anaogopa kona!

Nikamwambia, "Mama, kaa sawa. Watu wanatuona. Mimi ndiye naendesha."

Akasema, "Endesha basi, Dereva."

Na kona iliyofuata akatoka nje vile vile.

Polepole nikazoea. Halafu nikazoea kupita kiasi. Nilipata confidence ya kugawia majirani. Nilikuwa napita wasichana upande ambao leo mnauita Yamumbi nikiwa na mkono mmoja kwenye usukani, ule mwingine kiunoni. Kaburu akisimamisha lori lake kutushangaa, Mama anampungia kitambaa kama ameshaenda kuzalisha kwake. Kuku wa Mayai alikuwa ameota manyoya, wakuu. Nilianza hata kutoa mawaidha kwa watu wa baiskeli.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikataa kuisha.

Mama alikuwa anakohoa. Tukaitwa kambi moja karibu na Chepkoilel, mwanamke alikuwa na uchungu tangu jana yake. Nikamwambia leo hatuendi. Akaingia kwenye karai akakaa, akaningoja. Alimzalisha yule mama salama, na tuliporudi nyumbani alikuwa anatetemeka hata mbele ya moto.

Asubuhi kifua kilikuwa kimebana, hawezi kumaliza sentensi. Nikamfunga blanketi zote tulizokuwa nazo, majirani wakanisaidia kumweka kwenye karai, nikaelekea hospitali ya Waafrika mjini.

Hakuimba njia nzima. Kichwa chake kilikuwa kinayumba tu.

Karibu na mji kuna kona ya kushoto. Nikasikia sauti ndogo, "Kona." Nikatazama. Alikuwa amefumba macho, na anajaribu kutoa kichwa nje. Mabega yalikataa. Ni kichwa tu kilichotoka.

Nikamwambia, "Pumzika Mama, nimeiona."

"Endesha basi, Dereva."

Baada ya hapo alisema mengine na manesi, mimi sikuyasikia. Alifariki kesho yake kabla jua halijatoka. Nimonia.

Nikaambiwa niende niwaite watu wa kanisa waje na lori la misheni. Nikatoka nje. Pikipiki ilikuwa pale nilipoiacha, blanketi moja bado iko ndani ya karai. Nikapiga kick. Ikawaka mara ya kwanza, jambo ambalo haikuwahi kunifanyia.

Ile kona ya karibu na mji, ambayo kurudi ni ya kulia, niliipita salama, kisha barabara ikanyooka muda mrefu, sikuona tofauti. Nilikuwa nalia, upepo unanifuta.

Halafu ikaja kona ya kushoto.

Hakuna aliyesema kona.

Niliikata kama nilivyoikata siku zote, na karai likanyanyuka. Gurudumu lake likaacha barabara, likapanda hewani kando yangu kama mtu anayesimama kitini. Nikashtuka, nikarudisha usukani, na lile lichuma likanivusha barabara nzima hadi upande wa kulia, likaingia kwenye mtaro, likalala juu yangu. Exhaust ikakaa juu ya mguu wangu. Alama iko mpaka leo, wajukuu huiita ramani.

Sikuvunjika. Lakini sikuweza kujitoa.

Sasa wakuu, hapa ndipo huwa naacha kusimulia nikiwa na watu. Nitaandika kwa sababu hamnioni.

Kando ya mtaro kulikuwa na shamba la ngano, na ng'ambo yake kambi ya wafanyakazi. Wanawake walisikia kishindo wakaja mbio. Pikipiki hiyo waliijua. Karibu kila mtoto pale alikuwa ameletwa nayo, kwa namna ya kusema.

Wakaona karai liko tupu.

Hawakunijia mimi. Waliingia kwenye ngano kumtafuta Mama. Walidhani ametupwa nje. Walijipanga, wakawa wanaigawanya ngano kwa mikono, wanaita, "Mama Rael! Mama Rael, uko wapi?" Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mwingine alikuwa analia huku anaita.

Nami niko chini ya chuma, nawasikia. Nilitaka kusema. Badala yake nikaendelea kuwasikiliza. Na nitawaambia ukweli, kuna sehemu yangu iliyokuwa inangoja pamoja nao. Walikuwa wanamtafuta kwa imani sana. Nikafikiri labda watampata.

Mwishowe mama mmoja mzee akarudi, akainama kwenye mtaro. "Wewe kijana, mama yako ameangukia wapi?"

Nikasema, "Hakuwa ndani."

"Yuko wapi?"

Nikasema, "Amebaki hospitali." Akanitazama. Akaelewa. Akageuka akawaambia wenzake waache kutafuta, na ile ngano ikanyamaza.

Walinitoa, wakaisukuma pikipiki mpaka kambini kwetu. Ndio waliowaita watu wa kanisa. Tulimzika misheni.

Baada ya hapo sikutaka kuiona ile pikipiki. Niliifunika kwa magunia nyuma ya jiko. Usiniulize kama nilijaribu. Nilijaribu. Nilikuwa nakaa juu yake imezimwa, natoka jasho, nateremka naenda kuchoma mahindi. Nilirudi kuwa Kuku wa Mayai, ila sasa hakuna aliyethubutu kuniita hivyo, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Nikiwa na mguu kwenye bandeji ndipo nilipoelewa. Mama hakuwa akiogopa kona. Alikuwa anaishikilia ile pikipiki chini. Ule uzito wake, yale mabega nje ya karai, ndio uliokuwa balance. Mimi nilikuwa nimeshika usukani tu, na kumwambia akae sawa.

Misheni ikaleta mkunga mwingine, Jerusa, msichana mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Siku moja akaja mbio. Kule Chepkoilel kuna mama amepata uchungu, mtoto amekaa vibaya, na kwa miguu hatafika.

Nikamwambia mimi siendeshi tena.

Akasema, "Basi nifundishe sasa hivi, nijiendeshe."

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi. Hiyo ingekuwa maiti mbili kabla ya saa sita.

Nikamtazama alivyo mwepesi. Nikaenda jikoni. Jiwe la kusagia la Mama lilikuwa pale, lile kubwa la chini. Nililibeba nikipumua kama ng'ombe wa jembe, nikaliweka ndani ya karai, Jerusa akakaa na miguu juu yake. Nikamwambia nikisema kona, toka nje. Akauliza toka nje vipi. Nikamwonyesha vile Mama alivyofanya. Majirani wakatazama upande mwingine.

Niliendesha polepole kama siku ya kwanza uwanjani. Naita kona kwa sauti kama mwenda wazimu, Jerusa anatoka nje, jiwe linakaa. Gurudumu halikunyanyuka.

Tulipokaribia ile kambi wanawake walisikia injini. Wakatoka mbio na vigelegele, kama kawaida.

Halafu wakaona aliyekuwa ndani ya karai.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Jerusa aliteremka kati yao, akaingia ndani na mfuko wake. Mtoto alitoka salama, na mama yake pia. Mimi nilibaki nje na jiwe.

Niliendelea kuendesha mpaka misheni ilipopata gari. Lakini kijana, nisikudanganye, ile confidence haikurudi. Niliendesha bila hiyo. Pikipiki ilipochukuliwa sikuiaga.

Jiwe bado ninalo, liko mlangoni pa jiko. Kuku wanakunywa maji kwenye shimo lake.

Kwa hivyo nilichojifunza ni kidogo tu. Confidence niliyojigamba nayo haikuwa yangu. Ilikuwa imekaa kwenye karai, chini ya blanketi, inaimba. Wewe kijana wa petrol station, weka kitu kizito cha kukushikilia, nenda polepole, na usingoje uoga uishe ndipo uanze.

Siku hizi nikipelekwa kliniki mjukuu wangu huendesha gari mwenyewe, mbio mbio, mkono mmoja. Tukifika kona ya kushoto mwili wangu unajiegemeza dirishani wenyewe. Juzi akaniuliza, "Kuka," yaani babu kwa lugha ya kwetu, "unaogopa? Kaa sawa, mimi ndiye naendesha."

Nikamwambia, "Endesha basi, Dereva."

Hakujua kwa nini nilifuta macho.

Sasa wakuu, uwanja ni wenu. Wa kunicheka mnicheke, nimezoea tangu Form Two. Lakini kabla hujanicheka, tuambie hapa chini: wewe kwenye karai lako alikaa nani?