Fundi wa Kanada Yuko Bengamisa

Kaka yangu Asumani ni fundi umeme, na ni fundi kweli, sisemi hivyo kwa sababu tulinyonya ziwa moja. Alisomea kazi shuleni akapata brevet yake, cheti cha ufundi, halafu akabeba begi la vyombo la tonton Hubert, fundi mzee wa avenue yetu hapa Mangobo, Kisangani, mpaka siku mzee mwenyewe akaanza kumwita taa za kwake zikizima. Ni mtu mpole. Ukimchokoza anacheka tu. Upole huo wote alichukua yeye, mimi nikabakiziwa mdomo.

Kilichomsumbua ni kimoja: hiyo brevet, ukitoka nayo nje ya nchi, ni karatasi ya kufungia karanga. Kulikuwa na ofisi moja Kinshasa inayotafuta mafundi wa kwenda Kanada. Wakamwambia makaratasi yake wameyaona, yako sawa, lakini kule hawatambui kazi ya mtu mpaka waione mikono yake ikifanya. Kwa hiyo kuna mtihani. Ukipita, unapewa cheti ambacho Kanada wanakikubali, unangojea visa palepale Kinshasa, unapanda ndege. Ukianguka, unarudi kwenu. Asumani alitueleza hayo yote polepole, tumekaa kwenye mkeka, tunaitikia.

Tuliitikia, lakini tulishika neno moja tu, Kanada. Mama alianza kulia palepale kwa furaha. Asumani akasema, "Mama, ngoja kwanza nipite." Mama akamwambia asijitabirie mabaya, mtu anayerudisha courant, umeme wenyewe, mvua ikinyesha, hao Wazungu watamuuliza nini asichokijua? Bon, tukamfanyia safari ya mtu anayehama dunia. Lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, sufuria mpaka zikakosa pa kuwekwa. Shehe akasoma dua. Jirani yetu Josué, mwenye kanisa lake la mabati pale kwenye kona, hakukubali kupitwa, naye akaomba kwa sauti ya kuamsha commune nzima.

Na vitu vyake tukavigawa. Ndiyo desturi, anayeenda ng'ambo haachi kitanda kinamngoja, ni kujiitia kurudi. Mama akatoa godoro, akatoa begi la vyombo vya kazi likaenda kwa binamu yetu. Mashati niliyagawa mimi mwenyewe, nikicheka, nikimwambia kule atavaa ya joto. Yeye alisimama mlangoni anatazama vitu vyake vikiondoka.

Baada ya muda ukaingia ujumbe kwenye simu ya mama: "Nimepita. Naenda. Muniombee." Kisha namba yake ikafa, ukipiga haiiti. Tukasema ndivyo ilivyo, kule wanatumia namba nyingine, atatupigia akitulia. Mama alipita soko zima na ile simu mkononi, hata wasiojua kusoma aliwaonyesha. Tangu siku hiyo watu waliacha kumwita Mama Asumani. Akawa Mama Kanada, na aliitika kwa kichwa juu.

Mimi nauza mchele sokoni, na mchele wangu unaletwa na Philomène, mama mmoja wa Bengamisa, kwenye barabara ya Banalia. Asubuhi moja anashusha magunia, ananitazama kwa pembe ya jicho. "Ya Fatouma, dada yangu," akasema, "ule kaka yako wa Kanada iko na pacha?" Nikamwambia hana. Akasema basi kuna mtu Bengamisa, juu ya bati la duka la dawa, anafunga panneau solaire za umeme wa jua, na mtu huyo akicheka anacheka kama Asumani, ila hachekicheki sana siku hizi.

Sikumwuliza zaidi. Magunia nilimwachia jirani, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, tukavuka daraja la Tshopo, njia nzima natukana kimoyomoyo bila kujua namtukana nani. Nilimkuta juu ya ngazi. Aliponiona hakushtuka, alishuka taratibu kama mtu aliyekuwa anajua deni hili litakuja kudaiwa, akakaa chini ukutani, akafunika uso na mikono miwili. Amekonda. Shati alilovaa si lake.

Nilikuwa nimepanga maneno makali, Mungu anajua. Yalinipotea yote. Nikakaa karibu naye, akanieleza.

Lazima kwanza ujue jinsi mafundi wetu wanavyofanya kazi. Mangobo courant ni mgeni, inakuja inapotaka, inaenda bila kuaga. Kwa hiyo fundi akitaka kugusa waya, anapiga kelele kwa walio nyumbani na kwa majirani: "Courant iko?" Na watu wanamjibu, mama aliye jikoni, mtu wa salon ng'ambo ya barabara: "Haiko, imeenda!" Basi anaingiza mikono. Wote wanafanya hivyo. Tonton Hubert ana kidole kimoja hakikunjiki tangu jirani alipomjibu bila kuangalia, na bado anauliza majirani mpaka leo, kwa sababu ukianza kupima waya baada ya mtu kukuambia haiko, umemwita mwongo ndani ya nyumba yake. Ni ufidhuli. Nani atakuita tena?

Alors, Kinshasa walimweka kwenye chumba na wenzake, kila mmoja mbele ya ubao wake wenye nyaya, swichi na soketi. Kazi ilikuwa kubadilisha swichi iliyoungua, kazi ya kufanya umefumba macho. Testeur, kile kitu cha kupimia courant, kilikuwa mezani mbele yake, kipya. Asumani akakunja mikono ya shati, akainua sauti kama yuko nyumbani: "Courant iko?" Mwenzake mmoja, naye mtoto wa huku kwetu, anaitwa Trésor, akamjibu bila hata kugeuka: "Haiko!" Asumani akaingiza tournevis, yaani bisibisi.

Ilikuwepo. Haikumuua, ubao ule ulikuwa na kinga, ulijikata wenyewe kwa mlio. Mwenye kusimamia, mzee mmoja Mzungu, akaja akamwuliza kwa upole kabisa nani alimwambia hakuna umeme. Na kaka yangu, mtu mzima, mwenye ndevu, akanyoosha kidole akamwonyesha Trésor.

"Walicheka, Fatouma," akaniambia. "Wote walicheka. Ule mzee tu hakucheka. Alisema kwao fundi haulizi mutu, anapima. Akaniambia niweke vyombo chini."

Kazi yenyewe hakuifikia. Alitolewa kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, yeye aliyeombewa na shehe na pasta. Alipotoka nje ndipo alipoandika ule ujumbe kwamba amepita. Alisema vidole viliandika vyenyewe, alikuwa anaona uso wa mama. Akapanda mashua ya mizigo kurudi huku, na humo njiani akatoa SIM akaitupa majini, maana mama alikuwa anatuma sauti za kumshukuru Mungu na hakuweza kustahimili kuzisikia. Alipofika beach, bandari ya Kisangani, hakukanyaga Mangobo. Aliinamisha kichwa, akachukua moto, akaja moja kwa moja Bengamisa.

Mdomo wangu ukarudi. Nikamwambia mficha uchi hazai, na yeye ameuficha mpaka amekosa nguo. Akasema anajua. Halafu akanipa jambo lililobaki: ile ofisi iliwaambia walioangushwa na kosa moja kwamba nafasi ikipatikana wataitwa mara ya pili, mara moja tu, na asiyepatikana nafasi yake anapewa mwingine. Wangepiga simu. Namba yake ilikuwa kwenye maji. Namba ya pili aliyoandikisha ni ya mama.

Akanishika mkono. Aliniomba nisimwambie mama, nichukue simu yake tu, nikae nayo, wakipiga nipokee mimi. Nilikubali. Nilikubali kwa huruma, lakini na mimi nilikuwa na haya yangu: nilikuwa dada wa mtu wa Kanada, sokoni wananipisha.

Nikamwambia mama simu yangu imeharibika, nikawa naondoka na yake kila asubuhi. Ilienda vizuri mpaka Ijumaa moja. Courant ilikuwa imerudi, nikaiacha simu ikichaji, nikaenda nyuma ya nyumba kuosha mchele. Uani mbele ya nyumba kulikuwa na wageni, kina mama wa avenue, na Zaina, mke wa mshonaji, ambaye alikuja na kuku jike amefungwa miguu. Kuku huyo alikuwa zawadi kwa mama, ili amwombe Asumani, akitulia huko Kanada, amtafutie na mtoto wa Zaina njia. Mama alimpokea kuku, akamfunga kwenye mguu wa kiti chake, akasema atazungumza na mwanawe. Nilisikia, nikatamani ardhi ipasuke.

Simu ikalia. Mama hapokei simu kama watu wengine, anaweka sauti nje ili kila mtu afaidi. Nikasikia sauti ya mwanamke, Kifaransa kimechanganyika na Lingala ya Kinshasa, anamwulizia monsieur Asumani, nafasi yake ya mtihani wa pili imepatikana, ni Alhamisi ijayo, atakuja?

Mama akacheka. "Madame, umechelewa," akasema. "Mutoto yangu alishaenda. Iko Kanada." Na akawageukia wageni awaone wakimtazama.

Yule mwanamke akasikika akipekua karatasi. Akasema ni ajabu, lakini kama ameshaondoka, sawa, nafasi atampa mwingine aliye kwenye foleni.

Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya nyumba, mikono inadondosha maji ya mchele. Niwaambie ukweli: sikukimbia. Nilihesabu nyuso za wale wamama. Niliwaza sokoni, niliwaza jina jipya watakalompa mama. Mama alikuwa anainua kidole kukata simu ndipo miguu ilinisogeza.

"Usikate, madame," nikasema, na nilisema kwa sauti maana nilikuwa mbali bado. "Asumani hakuenda. Iko Bengamisa. Alianguka ule mtihani. Mumuandike, Alhamisi atakuja."

Yule mwanamke akasema vizuri, ameandika, afike mapema. Simu ikakatika yenyewe. Mama alibaki ameishika simu mbele ya kifua, ananitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Wamama wakaanza kukumbuka vitu walivyoacha jikoni. Zaina ndiye aliyekuwa wa mwisho. Aliinama, akamfungua kuku wake kwenye mguu wa kiti, polepole, akamweka kwapani, akaaga kwa adabu zote.

Mama hakunipiga, hakupiga kelele. Aliniuliza tangu lini najua, nikamwambia. Akaniuliza kama Asumani anakula. Nikasema anakula kidogo. Akaingia ndani, na kutoka chumbani akasema, "Mwambie arudi kujitayarisha. Ila apite nyuma, kwa njia ya jalala. Asipite sokoni."

Nilifika Bengamisa kesho yake nikampa habari: wamempigia, nafasi ipo, ni Alhamisi. Nilidhani ataruka. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni nani walikuwepo uani. Nikamtajia mmoja mmoja, mpaka Zaina, mpaka kuku. Kila jina alilimeza. Akauliza mama alisema nini, nikamwambia na hilo, la kupita nyuma. Akatikisa kichwa. Alinawa mikono, akaaga mwenye duka la dawa, akabeba mfuko wake mdogo wa plastiki, tukapanda moto mmoja, mimi nyuma.

Tukaingia Mangobo. Pale njia inapogawanyika dereva akauliza tushike wapi. Nikamwambia akate kushoto, kwenye jalala.

"Hapana," Asumani akasema. "Pita sokoni. Na uende polepole."

Ilikuwa saa ya watu. Walimwona tangu mbali, wakaanza kuita: Asumani! Kanada! Umerudi na nini? Na kwa kila aliyeita alimgusa dereva bega asimame, akamtazama yule mtu usoni, akamjibu maneno yaleyale: "Sikufika. Nilianguka mtihani. Nataka nirudilie." Wengine walicheka. Mtu mmoja wa vitunguu alimpa mkono. Hakuruka hata meza moja. Tulipofika kwenye meza yangu ya mchele, wenzangu wote wamesimama wananitazama, mimi, mwenye mdomo, niliyesema mbele ya watu, nilivuta kitambaa changu nikafunika uso.