Zege la Baba Mdogo

Kaka yangu tulianza kumwita Injinia kabla hata hajapanda ndege. Jirani alimletea redio iliyokufa, shangazi akamletea pasi. Yeye alikuwa anakwenda kusomea ujenzi wa majumba na madaraja, lakini nani alikuwa na muda wa kusikiliza? Aliichokonoa ile pasi kwa heshima zote, ikafa kabisa, na shangazi akasema haidhuru, ndiyo maana anapelekwa shule.

Aliyefurahi kuliko wote ni Baba Mdogo. Baba yetu alipofariki, Baba Mdogo ndiye aliyetulea, na yeye ni fundi wa kujenga, viganja vigumu kama kandambili kuukuu. Likizo zote kaka alizimalizia saiti, akibeba ndoo za maji. Alijua kuchanganya zege kabla hajaota ndevu. Na hapa namsema kwa mapenzi: Baba Mdogo hapendi kusahihishwa. Ukimwambia kola imekunjika, atakujibu ndivyo inavyovaliwa.

Huko ugenini Injinia aliteseka kimyakimya. Alinionyesha chumba chake kwenye simu: kitanda cha mtu mmoja, meza iliyogandamana na ukuta, dirisha lisilofunguka zaidi ya kiganja, na soksi zimeanikwa juu ya bomba la joto. Jiko walichangia ghorofa nzima, na kuna mtu alikuwa anamwibia maziwa. Darasani mwalimu alizungumza upesi, wenzake wakicheka na yeye anacheka, hajui wanacheka nini. Wanafunzi wa kundi lake hawakuwa wabaya, ila kazi walizompa ni za kushika na kusubiri: shika hiki, subiri pale. Mtu aliyekuwa akiongoza darasa kwetu! Mimi ningewapa vidonge vyao. Yeye alishika, akasubiri.

Kisha somo likafika kwenye zege. Kila kundi lilitakiwa kuchanganya lake, kulimwaga kwenye makopo ya chuma, na likishakomaa kulipeleka kwenye mashine ya kuponda ili ionekane linavunjika kwa uzito gani. Wenzake hawakujua hata koleo linashikwa wapi. Kaka akavua koti. Siku hiyo alinisimulia kwa sauti ambayo nilikuwa nimeshaisahau, sauti ya mtu aliyeshiba. Aliwaonyesha namna ya kugeuza, na zege lilipokuwa zito akafanya kama alivyofundishwa saiti: akaongeza maji, akaongeza tena, mpaka likateleza lenyewe kuingia koponi. Vipimo walishapewa, lakini nani anajali vipimo wakati mkono unajua? Wenzake walimpigia makofi.

Siku ya mashine, zege la makundi mengine lilivumilia na kuvumilia mpaka likapasuka kwa kishindo. La kwao lilisagika mapema, kama biskuti iliyolowa chai. Mwalimu hakumcheka. Alimweleza kwamba maji yakizidi hukauka na kuacha vitundu ndani, na zege rahisi kulimwaga huja kuwa dhaifu likibebeshwa mzigo. Mwenzake mmoja akamwambia asijali, ni maksi tu.

Kaka hakuwa anawaza maksi. Wiki hiyohiyo Baba Mdogo alikuwa anajiandaa kumwaga slabu, lile paa la zege, kwenye nyumba ya mama, na mama angelala chini ya slabu hiyo.

Alinipigia mimi kwanza.

"Dada, nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Usinitanie bwana. Yule ndiye aliyenifundisha kazi. Nikimwambia zege lake bovu, si nimemtukana?"

"Na usipomwambia, mama alale chini ya nini?"

Nilimhurumia kwelikweli. Baba mmoja alishamzika, na sasa aliogopa kumpoteza wa pili kwa mdomo wake mwenyewe.

Nikampelekea Baba Mdogo simu saiti, nikaweka spika.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, Injinia! Baridi haijakumaliza huko?"

"Bado. Baba Mdogo, nina ombi. Kesho msizidishe maji. Zege liwe zito, hata vibarua wakinuna."

Tabasamu likamfutika Baba Mdogo taratibu. "Nani kakwambia nazidisha?"

"Nimezidisha mimi. Nilichanganya vilevile ulivyonifundisha, likapondeka."

"Basi ulikosea mahali."

"Sikukosea, Baba Mdogo. Nilifuata yako yote."

"Nimejenga nusu ya mtaa huu!" akafoka. "Iko wapi iliyoanguka? Nionyeshe iliyoanguka! Umekwenda juzi tu, leo unanifundisha kazi?"

Akanisukumia simu, akaondoka. Kaka bado alikuwa hewani. Alikuwa analia, mwanaume mzima, na nyuma yake nilisikia milango ya chuo ikifunguliwa na kufungwa, watu wakipita na mazungumzo yao.

Kesho yake Baba Mdogo alifika saiti wa kwanza, hata salamu hakuitikia. Zege la kwanza lilipogeuzwa, kibarua akainua ndoo aongeze maji kama siku zote.

"Weka chini."

Kibarua akacheka, akidhani anataniwa.

"Nimesema weka chini!"

Walinung'unika kutwa nzima kwa uzito wa lile zege. Baba Mdogo alichukua nondo akawa analishindilia mwenyewe, mpaka shati likamganda mgongoni. Mama aliniambia nimpelekee Injinia habari, nami nikampelekea, naye akashukuru sana.

Ila jioni Baba Mdogo hakwenda kwake. Alikuja kwangu, kwenye nyumba aliyonijengea nilipoolewa. Chai hakuigusa. Aliingia chumba cha watoto, akainua macho kwenye slabu aliyoimwaga mwenyewe miaka ile, siku ambayo zege liliteleza vizuri na vibarua walimaliza mapema wakiimba. Alipita chini yake kutoka ukuta hadi ukuta, akitazama juu.

Kisha, bila kuniangalia, akainama akashika kitanda cha watoto upande mmoja.

"Shika huko, mwanangu," akasema. "Wahamie chumba cha nyuma, kile cha bati."