Glasi ya Pechiyammal

Kibanda cha chai cha Thangapandi kilitazamana na lango la shule, na kilikuwa na vyombo vya aina mbili. Glasi zilipangwa mezani, zinang'aa, za watu wa mtaa wa juu, wanaokaa kwenye benchi. Vikombe vya bati vilitundikwa kwenye misumari nyuma ya kibanda, vimebonyea utadhani vimepigwa mateke, vya watu wa ng'ambo ya mfereji, waliohesabiwa kuwa wa tabaka la chini. Mtu wa ng'ambo alishusha kikombe mwenyewe, akachuchumaa, akanywa, akakisuuza na kukirudisha msumarini. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba yake Thangapandi, na hakuna aliyeona ajabu.

Pechiyammal aliona. Alikuwa bado msichana mdogo wa ng'ambo, amefuatana na baba yake, akauliza kwa sauti kwa nini mzee mwenye magoti mabovu achuchumae na benchi liko tupu. Baba yake akamfinya sikio. Sikio lilipoa, swali halikupoa.

Aliolewa na Kaliyan, mpiga ngoma wa misibani, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko nyoka. Hata maua ya harusi hayajanyauka, Pechi akamwambia anachokitaka duniani. Hataki dhahabu wala sari ya hariri. Anataka kukaa kwenye benchi lile anywe chai kwa glasi kama mtu. Kaliyan akafikiri, akauliza kama hawezi kumnunulia glasi anywee nyumbani. Alinuniwa mpaka mwezi ukaandama.

Pechi hakukaa kuisubiri glasi hiyo. Ng'ambo ilipokosa bomba la maji, alijilaza barabarani mbele ya basi la asubuhi mpaka likawa basi la jioni, na bomba likaja. Mwalimu mkuu alipokuwa akiwatoa darasani watoto wa ng'ambo tu wakafagie uwanja, alimpelekea ufagio na kumwomba kwa heshima zote awaonyeshe unavyoshikwa. Nyuma yake Kaliyan alikuwa akipita kuomba radhi, nyumba hadi nyumba.

Vikombe vya bati tu ndivyo vilivyomshinda. Aliwahi kuvishtaki polisi. Afisa akaja, na siku hiyo Thangapandi akawapa watu wote glasi, akamwekea afisa na biskuti. Afisa akasema haoni tatizo. Vumbi la pikipiki yake halijatua, vikombe vikarudi misumarini.

Basi Pechi akagombea uenyekiti wa kijiji. Aliyekuwepo ni Mzee Ramalingam, mwenye mashamba ya mpunga na trekta, aliyekikalia kiti hicho hadi kikachukua umbo la makalio yake. Kwenye kugawiwa alama za uchaguzi, mzee alipata pangaboi, akafurahi. Pechi aliomba mnazi, akakuta umeshachukuliwa. Msimamizi wa uchaguzi, kijana kutoka mjini, akapekua karatasi zake akamwambia iliyobaki ni glasi.

Pechi alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Wiki zote za kampeni alizunguka na glasi mkononi, nyumba kwa nyumba, na watu wa ng'ambo waliokuwa wakimwogopa Ramalingam walifunga mlango kwanza ndipo wakacheka.

Siku ya kura jua lilitoka likiwa limeshakasirika. Kituo kilikuwa darasani, na juu ya kichwa cha karani pangaboi lilizunguka taratibu. Pechi alilitazama, akamwendea msimamizi. Alama ya mgombea, akamwambia, hairuhusiwi kituoni, na ile pale haikai tu, inawapepea wapiga kura. Msimamizi alijikuna kichwa, akakiri kwamba sheria ni sheria. Pangaboi likazimwa na kuviringishwa shuka.

Ramalingam, shati limeshamgandia mgongoni, akapandwa na hasira. Naye akatoa shtaka lake: na glasi zile za kibandani, hatua chache kutoka langoni? Ziondolewe zote, asiachwe Pechi ajinadi bure. Msimamizi akakubali. Thangapandi akazifungia glasi sandukuni, roho inamuuma, maana hakuna siku ya biashara kama siku ya kura.

Kufika saa sita darasa lilikuwa tanuri. Msimamizi mwenyewe alikuwa wa kwanza kushindwa. Alikuja kibandani akaomba chai kwa chombo chochote. Thangapandi akaenda nyuma, akarudi na kikombe cha bati. Kijana wa watu akanywa, akaona ndoo, akakisuuza na kuuliza kinawekwa wapi. Wakafuata makarani, wakafuata polisi, na watu wa mtaa wa juu mmoja mmoja, wakinywa huku wanatazama pembeni.

Ramalingam alistahimili mpaka midomo ikapasuka. Mwisho alikuja akasimama karibu na Thangapandi.

"Nipe ambacho hakijatumika," alinong'ona.

"Mzee, hivi vimetumika tangu mimi sijazaliwa."

Watu wa ng'ambo walioko kwenye foleni waliacha kuongea. Ramalingam alifumba macho kama anayemeza dawa, akanywa, akamaliza, akatikisa kikombe aongezwe. Alipokunywa cha pili akakiweka mezani, aondoke zake.

Hapo ndipo Kaliyan, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumjibu mtu, alipokohoa.

"Mzee," akasema kwa upole, "ukimaliza unasuuza, halafu unatundika."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi kutoka mjini akatikisa kichwa kuafiki, maana yeye ndivyo alivyofanya. Ramalingam alitazama huku, akatazama kule, akainama kwenye ndoo. Alipokitundika msumarini, ndipo foleni nzima ikapasuka, na karani akatoka mbio akidhani kuna fujo.

Pechi alishindwa. Si kwa kura nyingi, lakini alishindwa. Waliompigia mzee mapema walikuwa wameshampigia. Ila mwenyekiti hakuweza kupita njiani bila watu kumtazama mikono. Jioni ile ile alituma trekta, vikombe vya bati vikatolewa misumarini na kutupwa mferejini, asije mtu akanyoosha kidole kuonyesha kile alichokisuuza.

Kesho yake asubuhi Pechi alivaa sari yake ya sikukuu, akamshika Kaliyan mkono, akaenda kukaa kwenye benchi. Kaliyan alikalia ncha tu, tayari kukimbia. Wazee wawili wa mtaa wa juu waliokuwa wamekaa walisogea, mmoja akanyanyuka akaondoka.

Thangapandi alitazama misumari mitupu. Akatazama glasi mezani. Kununua vikombe vipya ni gharama, na mtu huyu kwa gharama alikuwa mgumu kama jiwe.

"Sukari kiasi gani, dada Pechi?" akauliza mwisho.

Hakuwahi kumwita dada. Pechi alipokea glasi kwa mikono miwili, akakaa nayo bila kunywa, machozi yanamlengalenga. Kisha akaiinua juani aione vizuri. Akaiona. Kwenye bati chai haikuwahi kuonekana. Kupitia chai ile ya maziwa aliweza kulisoma bango la shule, herufi zote.

"Thangapandi," akaita, "maziwa umeweka wapi?"

Kaliyan akashusha pumzi. "Mke wangu, kunywa kwanza," alimsihi.

Akanywa yote. Kisha akakunja pindo la sari na kuuliza nani mwingine ameshawahi kuitazama chai hii juani.