Siku Niliyopaa na Hedifoni za Rubani Zimeninasa Kichwani

Jamani, mimi si mtu wa kuona haya upesi, lakini siku ile niliiomba ardhi ya mtaa wetu wa Hai Jalaba ipasuke nijifiche ndani pamoja na cherehani yangu. Sasa nacheka, na nyie chekeni tu, maana Juba nzima ilishacheka kabla yenu.

Ilikuwa miaka ya sabini, vita vya kusini mwa Sudan vimekwisha, sisi tuliokimbilia Uganda tumerudi na mabegi na maneno mengi (mimi hasa maneno). Kushona nilijua, ila mahali pa kukaa sikuwa napo, mpaka Usta Abdalla, mkubwa wa mafundi wa mtaa ule, akanipa kona ya nyuma kabisa ya baraza lake, kule kwenye giza nyuma ya magunia, na sharti akalitoa mbele ya watu wote: mteja akirudisha kazi yangu hata moja, nabeba cherehani naondoka.

Basi akaja Kapteni Otieno, Mkenya, rubani wa kindege cha kupeleka dawa vijijini, ameshika hedifoni zake. Ile mito midogo ya masikioni ilikuwa imekwisha, ngozi imechanika, sponji inapukutika, kila akizivua masikio yamejaa chembechembe nyeusi.

"Injini inanguruma mpaka simsikii mtu wa mnara wa kuongozea ndege," akasema. "Mafundi wote wamekataa hii kazi."

Usta Abdalla akakohoa kuonyesha kwamba yeye ni mmoja wa waliokataa. Mimi nikarukia, "Leta, Kapteni! Hiyo kwangu kazi kidogo tu."

Na kwa kweli nilishona, jamani, nisijinyime sifa zangu. Ngozi laini ya mbuzi, ndani sponji ya godoro, mishono myembamba kama ya shati la bwana harusi. Shida ilikuwa kuishikiza kwenye vile vikombe vya plastiki, nami nikaona nisihangaike, nikaazima gundi ya viraka vya baiskeli kwa jirani, nikapaka ya kutosha (ya kutosha tairi la lori). Sasa kule Arua, Uganda, nilipojifunzia kushona, mwalimu wetu hakuruhusu nguo itoke bila kuvaliwa ikaonekana inakaa vipi. Nikazivaa. Zilikaa vizuri mno, kelele zote za soko zikazimika, nikafumba macho nikijisikia malkia, na muda wote huo, kumbe gundi mbichi inapenya kwenye matundu ya sindano, inatoka upande wa pili, inakutana na masikio yangu na nywele zangu nilizosukwa kwa uzi jana yake. Nikavuta. Wapi! Nikavuta tena, machozi yakanitoka.

Hapo hapo Landrova ya Kapteni ikafunga breki mbele ya baraza. "Mama Kiden, nipe haraka, nina chanjo za watoto wa Torit kwenye barafu na barafu inayeyuka!" Akaniona. Akavuta upande mmoja, nikapiga yowe. Akaomba mkasi.

"Mkasi hapana, Kapteni!" nikasema. "Mimi iko na bwana mzima, hajakufa. Nikirudi nyumbani kichwa imenyolewa, watu itaanza kulia msiba kabla mimi nafika!"

Na ndivyo ilivyo kwetu, mwanamke akinyoa nywele majirani hawaulizi, wanatandika mikeka ya matanga. Kapteni akaniangalia, akaangalia lile sanduku la barafu linalodondosha maji, na nyuma yangu nikamsikia Usta Abdalla, "Kalas, basi, imekwisha. Kazi imerudi."

"Haijarudi!" nikamwambia. "Mimi na kazi, sote tunaenda Torit." Nikapanda gari.

Landrova haikuwa na paa. Tulipita katikati ya soko, waya umening'inia kifuani, watoto wanakimbia nyuma wakipiga kelele "Kapteni! Kapteni!" na mimi, nifanyeje, nikawapungia mkono.

Spika ya ndani ya kile kindege ilishakufa zamani, kwa hiyo masikio ya ndege yakawa yangu, na kinywa pia, maana kipaza sauti cha zile hedifoni kilikuwa mdomoni mwangu. Kapteni anabonyeza kitufe, mimi nasema kwa Kiingereza changu cha shule ya misheni.

"Nani huyo?" akauliza mtu wa mnara.

"Mama Kiden, fundi wa nguo, Hai Jalaba."

Kisha akasema pole pole kwamba upepo ni mzuri, njia iko wazi, nami nikampigia Kapteni kelele neno kwa neno, tukaruka. Niliogopa, naapa, nilishika kiti kwa kucha, lakini mto Nile ulipobaki chini kama uzi uliodondoka, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani na Kapteni akanisihi nisimwimbie mtu wa mnara.

Torit, chanjo zilifika zikiwa baridi, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni akafungua chupa ya mafuta ya simsimu, yaani ufuta, akanisugua taratibu, akicheka mpaka mtoto akaamka, na hedifoni zikatoka, nywele zangu karibu zote zikabaki mahali pake. Kapteni akazisafisha, akazivaa, akarudi nazo Juba. Sasa zamu ya kuzibwa masikio na injini ikawa yangu.

Uwanjani tulikuta watu wamejaa, na Usta Abdalla mbele, amekuja kuona mwisho wangu. Kapteni akashuka, akamwekea hedifoni mkononi. "Usta, leo nimesikia mnara kila neno. Hizi sirudishi."

Mzee akazigeuza, akaingiza ukucha kwenye mshono, akavuta, akavuta kwa nguvu zaidi. Haukuachia. Akaninusa, maana nilikuwa nanuka simsimu, akatikisa kichwa.

"Kesho cherehani yako toa nyuma ya magunia," akasema. "Weka mbele, barabarani."

Toka siku hiyo gundi mbichi haisogei karibu na kichwa changu, naapa. Na kesho yake nilifika barazani kabla ya Usta mwenyewe.